Msimwambie Arudi Akianza Siku Zake

Tumchukulie mwanamke wa miaka ishirini na sita, mkazi wa Mwakingali mjini Voi, mama wa mtoto mmoja, muuzaji wa nguo za mitumba. Jumamosi usiku kondomu ilipasuka. Jumapili, alipotoka kanisani, alipitia kemisti karibu na steji, akanunua P2, dawa ya dharura ya kuzuia mimba, na kuimeza kabla hajafika nyumbani. Ilikuwa mara yake ya tatu mwaka huu, na njiani akaamua kwamba amechoka kuishi kwa kuhesabu saa. Jumatatu asubuhi hakufungua kibanda. Alikwenda kliniki ya kupanga uzazi, akakaa kwenye benchi na wenzake, na zamu yake ilipofika akasema, "Sista, jana nimemeza P2. Leo naomba kijiti." Sista akamuuliza hedhi yake ya mwisho ilikuwa lini, akatazama kalenda ya ukutani, akamjibu kwa upole, "Leo siwezi kukuwekea, dada. Rudi ukianza siku zako."

Mwanamke huyu nimembuni mimi, na kliniki yake haina jina. Jibu alilopewa sikulibuni. Ni kauli ya zamani sana katika vyumba vya kupanga uzazi vya nchi hii, imekaririwa na mwalimu kwa mwanafunzi na sista mkuu kwa sista mdogo, hadi imepata heshima ya kanuni. Husemwa kwa nia njema na husikika kama tahadhari. Mimi nasema haina msingi wa kitabibu, na nasema zaidi: siku ambayo mwanamke amekuja akiwa amemeza P2 ndiyo siku hasa ya kumpa njia ya muda mrefu. Kumrudisha nyumbani ni kumpeleka palepale alipokuwa akipakimbia.

Wanaoitetea kauli hii wana hoja, na ni haki zisikike jinsi wanavyozitoa wenyewe. Wanasema kijiti hakiwekwi kwa mwanamke ambaye huenda ana mimba, na ushahidi wa pekee usio na shaka ni damu ya hedhi. Wanasema P2 ni homoni na kijiti ni homoni, sasa mtu atawezaje kumpa homoni juu ya homoni siku moja? Wanasema mtoto akiwa tayari ametungwa atadhurika, na lawama zitamwangukia sista aliyechoma ganzi. Mwisho wanasema, tena huu ndio msumari wao mkubwa, kwamba P2 imekwisha kufanya kazi yake kwa mwezi huu. Haraka ya nini?

Nitaanza na huo msumari, kwa sababu ukishang'oka hoja nyingine zinabaki zikining'inia.

Jina P2 tumelikata kutoka Postinor-2, pakiti ya vidonge viwili vyenye miligramu 0.75 za levonorgestreli kila kimoja. Siku hizi kuna pakiti zenye kidonge kimoja cha miligramu 1.5, lakini Mkenya ataviita vyote P2. Kazi yake ni moja. Yai linapokaribia kukomaa, ubongo hupeleka mwili ishara ya homoni inayopanda ghafla, na ishara hiyo ndiyo inayolifanya yai litoke kwenye ovari. Levonorgestreli ikiwahi, huizuia ishara isipande. Ikiwa ishara imekwisha kupanda, P2 imechelewa na haina la kufanya. Mimba iliyokwisha kutunga haiitoi, wala haiidhuru. Ndiyo sababu tunaambiwa tuimeze upesi, ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Sasa yai lile lililozuiwa limekwenda wapi? Halikufa. Limecheleweshwa. Watu wa Voi tunajua tofauti ya treni iliyochelewa na treni iliyofutwa. Iliyochelewa bado iko kwenye reli, na aliyelala kwenye reli hiyo akidhani hakuna treni leo yuko hatarini kuliko aliyekaa macho. Yai lililocheleweshwa linaweza kutoka siku chache baadaye, katika mwezi uleule. Mbegu za kiume nazo huweza kuishi ndani ya mwili wa mwanamke hadi siku tano. Kwa hiyo aliyemeza P2 Jumapili, akalala na mwenzake Alhamisi bila kinga, anaweza kuwa amefungua upya mlango uleule alioufunga.

Hili si dhana yangu. Mwaka 2011 Anna Glasier na wenzake walichapisha uchambuzi wa majaribio ya vidonge vya dharura, wakitafuta ni akina nani hushika mimba ingawa wamevimeza. Jibu mojawapo lilikuwa wazi: wanawake waliofanya tena ngono bila kinga katika mzunguko uleule, baada ya kumeza kidonge, walikuwa katika hatari ya mimba zaidi ya mara nne ya wale ambao hawakufanya. Rudia kuisoma sentensi hiyo ukiwa unamkumbuka mwanamke wetu wa Mwakingali. Wiki kama mbili atakazosubiri hedhi ndizo wiki ambazo hatari yake ni kubwa kuliko kawaida, na tumempeleka akazipitie mikono mitupu. Tuseme mume wake ni dereva wa lori la Mombasa na Nairobi, na Alhamisi hupita nyumbani. Je, tunatazamia atamwambia nini mlangoni? Kwamba sista amesema wasubiri damu?

Na hiyo damu yenyewe itakuja lini? P2 huvuruga tarehe. Kuna anayeona hedhi mapema, kuna anayechelewa siku kadhaa, kuna anayeona matone katikati asijue ayahesabu vipi. "Rudi ukianza siku zako" ni miadi isiyo na tarehe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na hapa methali haina fumbo lolote.

Basi P2 haijamaliza kazi ya mwezi. Imemaliza kazi ya usiku mmoja.

Hoja ya homoni juu ya homoni huwatisha wengi, na nadhani inatisha kwa sababu haijawahi kufafanuliwa kwa lugha tunayoelewa. Kijiti cha Jadelle, kile chenye fimbo mbili kinachokaa miaka mitano, kimejazwa levonorgestreli, dawa ileile iliyomo katika P2. Fimbo zake mbili zina miligramu 150, nazo huvuja taratibu mno, siku baada ya siku, kwa miaka yote hiyo. Implanon NXT, chenye fimbo moja cha miaka mitatu, kina etonogestreli, ambayo ni ndugu wa karibu. Miligramu moja na nusu ya jana haigombani na dawa hizi. Shirika la Afya Duniani limeandika katika mwongozo wake wa matumizi ya njia za uzazi kwamba aliyemeza levonorgestreli kama dharura anaweza kuanza kijiti, sindano au tembe papo hapo. Anatakiwa atumie kondomu au ajizuie kwa siku saba hadi kijiti kishike kazi, na apime mimba kama hedhi haijaja baada ya wiki tatu. Ni maagizo ambayo sista anaweza kuyatoa kabla pamba haijakauka mkononi.

Kuna dawa moja ambayo hukumu yake ni tofauti, na sitaificha kwa sababu inanipinga. Ulipristali, kidonge kingine cha dharura kinachofanya kazi hadi saa 120, hushindana na homoni za kijiti, kila moja ikidhoofisha nyingine. Aliyemeza hiyo husubiri hadi siku ya sita ndipo aanze njia ya homoni. Kwa hiyo sista aulize, na dada aende na pakiti yake. Lakini tusichukue sharti la dawa moja tukalivisha nyingine. Inayoitwa P2 ni levonorgestreli.

Vipi ikiwa mimba ilikuwapo tangu mwezi uliopita? Kipimo cha mkojo kipo, ni rahisi, na hutoa jibu ndani ya dakika chache. Kipimo hicho hakiwezi kuiona mimba ya juzi, hilo kweli, na ndiyo maana ya kupima tena baada ya wiki tatu. Iwapo mara ya pili kitaonyesha mimba, kijiti hutolewa. Levonorgestreli haijulikani kumdhuru mtoto aliye tumboni. Weka mizani basi. Upande mmoja kuna uwezekano mdogo wa kutoa kijiti mapema. Upande wa pili kuna uwezekano mkubwa zaidi wa mimba ambayo mwanamke alikuja kwa miguu yake mwenyewe kuiepuka. Tahadhari ya kweli inaelekea wapi?

Hapa ndipo nataka kukaa kidogo, kwa sababu historia ya kauli hii ina sehemu ambayo imetoka nyumbani kwetu na wengi hawaijui. Katika miaka ya tisini watafiti walichunguza kliniki za nchi kadhaa, Kenya ikiwamo pamoja na Ghana, Kameruni, Senegali na Jamaika, na mwaka 1997 wakachapisha walichokiona: wanawake waliokuja kuomba njia ya uzazi bila kuwa katika hedhi walikuwa wakirudishwa nyumbani. Walikuja wazima, wakiwa wameamua, wakaambiwa warudi wakitoka damu. John Stanback alikuwa miongoni mwa waliolifuatilia jambo hilo. Pamoja na watafiti wa Nairobi, wakiwamo Zahida Qureshi na Christine Sekadde-Kigondu, alijaribu orodha fupi ya maswali sita kwa wateja zaidi ya 1,800 wa kliniki za Kenya. Umejifungua ndani ya wiki nne zilizopita? Unanyonyesha tu, mtoto hajafika miezi sita, na hedhi haijarudi? Hujakutana na mwanamume tangu hedhi ya mwisho? Hedhi ilianza ndani ya siku saba hizi? Mimba iliharibika ndani ya siku saba? Unatumia njia ya kuaminika bila kukosa? Jibu la "ndiyo" kwa swali moja, bila dalili za mimba, lilitosha kumhudumia siku hiyohiyo. Matokeo yalitoka katika jarida la Lancet mwaka 1999: kati ya wale ambao orodha ilisema hawana mimba, zaidi ya tisini na tisa kati ya mia kweli hawakuwa nayo.

Dawa ya "rudi ukianza siku zako" ilipatikana hapahapa, katika kliniki za Kenya, kwa wanawake wa Kenya, zaidi ya robo karne iliyopita. Orodha hiyo ilisambaa dunia nzima. Na bado leo kauli ile inasikika nchini ilikotafutiwa dawa.

Ila orodha ina ufa mmoja, na mwanamke wa P2 ameangukia ndani yake. Mpitishe katika yale maswali sita. Hakujifungua juzi. Amekutana na mwanamume, tena ndiyo sababu amekuja. Hedhi yake ni ya wiki mbili zilizopita. Njia ya kuaminika hana. Atajibu "hapana" mara sita, na sista mwenye bidii, aliyefundishwa kuiheshimu orodha, atafunga faili. Hapo kuna kosa la kusoma. Orodha ikikosa "ndiyo" haisemi kwamba mwanamke ana mimba. Inasema tu kwamba maswali peke yake hayatoshi kuthibitisha, kwa hiyo tafuta njia nyingine. Na kwa aliyemeza P2 njia hiyo nyingine imeandikwa: anza leo, kondomu siku saba, pima baada ya wiki tatu. Orodha ilitengenezwa iwe ufunguo, nasi tukaifanya komeo.

Nimezungumza juu ya kijiti kama kwamba hakuna kingine. Kipo, na kwa dharura ni bora kuliko P2 yenyewe. Koili ya shaba ikiwekwa ndani ya siku tano tangu ngono isiyo na kinga huzuia mimba kuliko kidonge chochote. Kelly Cleland na wenzake mwaka 2012 walikusanya tafiti 42 zenye zaidi ya wanawake 7,000 waliowekewa koili kwa dharura. Walioshika mimba hawakufika mmoja kwa kila elfu. Shaba haijali kama ishara ya yai imekwisha kupanda, haijali uzito wa mwanamke, wakati P2 hupungua nguvu kwa walio wanene. Haivurugwi na rifampisini ya kifua kikuu, ambayo huidhoofisha P2 na vijiti pia. Ikishawekwa kwa dharura ya Jumamosi, inabaki pale kuwa kinga ya miaka kumi na zaidi. Kitu kimoja, kazi mbili, safari moja. Mwaka 2021 David Turok na wenzake wa Utah, Marekani, walionyesha kwamba hata koili ya homoni yaweza kutumika hivyo: kati ya wanawake 317 waliowekewa, mmoja tu alishika mimba, na kati ya 321 wa koili ya shaba hakuna hata mmoja.

Ni wanawake wangapi wa Taita Taveta wanaonunua P2 wakijua kwamba koili ingewafaa zaidi? Nani awaambie? Kemisti hauzi koili. Na huko kliniki koili imepewa sura ya mama wa watoto wanne aliyechoka kuzaa, mwanamke kijana asiye na mtoto haonyeshwi kabisa, ingawa hakuna kitu katika mwili wake kinachomkataza. Mwenye maambukizi ya zinaa yenye usaha anatakiwa atibiwe kwanza. Hilo ni sharti la haki. Umri na idadi ya watoto si sharti.

Nakubali kwamba koili inadai mikono iliyofunzwa, kitanda, taa na vifaa vilivyochemshwa, na si kila zahanati ya Kasigau au Sagalla inavyo vyote siku zote. Nakubali pia kwamba ushahidi wa koili kama dharura ni mzito kuliko wa kijiti, na sitaki mtu aondoke hapa akidhani kijiti peke yake kinaweza kuokoa usiku wa jana. Hakiwezi. P2 lazima imezwe. P2 inafanya kazi ya jana, kijiti kinafanya kazi kuanzia leo, na kondomu ya siku saba inaziba mwanya uliopo kati yao. Ninachokipinga ni kuvitenganisha vitu hivi kwa wiki mbili bila sababu.

Wala kijiti si kitu kigeni kwetu ambacho tungehitaji miaka ya kukizoea. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta kwamba karibu mwanamke mmoja kwa kila watano walioolewa Kenya anatumia kijiti, karibu sawa na wanaotumia sindano. Wauguzi wanajua kukiweka. Mkono ni ule ule, ganzi ni ile ile. Kinachobadilika ni siku.

Sasa tuipime hiyo "rudi" kwa maili za nchi yetu. Kaunti hii ya Taita Taveta ina zaidi ya kilomita za mraba 17,000, na zaidi ya nusu ya ardhi hiyo imo ndani ya mbuga za Tsavo. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilitukuta 340,671, tumetawanyika milimani na nyandani, Wundanyi huku juu, Taveta kule mpakani kama kilomita 110 kutoka Voi, Kasigau upande mwingine kabisa. Mwanamke wa Rukanga, huko Kasigau, anayekuja Voi anaamka gizani, anategemea gari moja au boda boda ya vumbi, na jioni hana budi kuwa nyumbani kabla ndovu hawajashuka barabarani. Siku hiyo hakulima, hakuuza, mtoto amemwachia jirani, na huenda mume aliambiwa anakwenda sokoni. Mjini kwenye matatu kila dakika tano, "rudi" ni usumbufu. Kwa huyu, "rudi" ni "usije tena". Atarudi, ndiyo, lakini kliniki ya wajawazito.

Kisha kuna wikendi. Ajali za kondomu hutokea hata Ijumaa na Jumamosi usiku, zahanati nyingi za mashinani hufunguliwa Jumatatu, na saa 72 hazijui sikukuu. Kemisti ndiye aliye wazi Jumapili. Kwa hiyo simlaumu mwanamke anayeanzia dukani, wala sitaki duka lizuiwe kuuza. Nataka mwenye duka aseme sentensi moja zaidi anapopokea pesa: "Kesho nenda kliniki ukaombe kijiti au koili, usisubiri hedhi." Aseme hivyo tu. Wahamasishaji wa afya ya jamii, wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao tangu mwaka 2023, waiseme pia, maana wao wanamjua mtu kwa jina na wanajua ni nani amenunua P2 mara tatu.

Kuna pingamizi moja linaloninyima usingizi, na anayelitoa si adui wa wanawake. Anasema: mwanamke aliyekuja na hofu ya mimba hayuko katika hali ya kuamua jambo la miaka mitano. Mnamkamata akiwa ametishika, mnamchoma ganzi, anatoka na fimbo mkononi ambayo hakuipanga. Hofu hii ina sababu. Katika nchi hii hii wako wanawake wenye virusi vya ukimwi waliofungwa kizazi bila ridhaa yao, wakapigania haki miaka mingi hadi Mahakama Kuu ikawapa ushindi mwaka 2022. Mwanamke maskini anayo sababu ya kuiogopa huduma inayotolewa kwa pupa.

Jawabu langu ni kwamba ridhaa inalindwa kwa kuuliza, haikulindwa kamwe kwa kufunga mlango. Mwanamke wa Mwakingali aliomba mwenyewe. Aliyeamua ni yeye, na aliyemvunjia uamuzi ni kalenda ya ukutani. Kwa asiyeomba, aulizwe mara moja, aelezwe vijiti, koili, sindano na tembe pamoja na maudhi yake, hasa damu isiyo na mpangilio inayowasumbua wengi wenye kijiti. Akisema "naomba nifikirie", aende na kondomu zake na asinuniwe. Na sharti langu kubwa kuliko yote: siku atakayotaka kitolewe, kitolewe siku hiyo, bila kuhojiwa, bila kuambiwa kwamba serikali imegharamika. Kijiti ni cha miaka mitano kwa anayekitaka miaka mitano. Kwa anayekitaka miezi mitano ni cha miezi mitano. Sista anayekataa kukitoa ana kosa sawa na anayekataa kukiweka.

Wanaosema tunafungua mlango wa zinaa sitawajibu kwa kirefu. Mwanamke huyu hakuja kabla ya tendo, alikuja baada yake, na wengi wa aina yake wameolewa. Kijiti hakikumtuma popote. Ila kwa heshima ya wasiwasi wao niseme hili la kweli: kijiti na koili havizuii virusi vya ukimwi wala kaswende. Kondomu inabaki, na aliyekutana na mtu ambaye hali yake haijui aulizie dawa za kuzuia maambukizi ya ukimwi, ambazo nazo zina saa 72 zilezile. Aliyebakwa asianzie dukani. Aende hospitali moja kwa moja, akapate P2, dawa za kinga, uchunguzi na ushahidi wa kesi mahali pamoja. Na anayezungumziwa hapa ni mtu mzima. Mtoto wa miaka kumi na minne anayekuja kutafuta P2 ana kosa la jinai nyuma yake ambalo mtu mwingine amelitenda, na hilo halimalizwi kwa kijiti.

Uvumi kwamba P2 huua kizazi ni uongo, hata kwa aliyeimeza mara nyingi. Ubaya wa kuimeza mara nyingi ni kwamba ni kinga dhaifu kwa mtu anayehitaji kinga kila wiki.

Liko pia lile la ghala tupu. Januari 2025 serikali ya Marekani ilipositisha misaada yake, tuliona jinsi tulivyokuwa tumeegemea ukuta wa jirani. Yapo majira ambapo sista hasemi "rudi" kwa sababu ya kalenda, anasema kwa sababu kabati limekauka, na hapo hana hatia. Hatia ni ya wanaopanga bajeti. Ibara ya 43 ya Katiba inampa kila mtu haki ya afya, ikitaja huduma za uzazi kwa jina, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataja haki ya kupata huduma za kupanga uzazi zilizo salama na za bei nafuu. Bunge la kaunti lina wajibu wa kulitengea fungu lake jambo hili, na waheshimiwa wanaweza kuulizwa mkutanoni kwa jina la kijiti na koili, bila aibu. Lakini uhaba hauitetei kauli ninayoipinga. Kijiti kikiwa kimoja kabatini, apewe aliye mbele yako leo, ambaye hatari yake ni ya wiki hii.

Kwa masista wa Voi, Wesu, Mwatate na Taveta sina neno la dharau. Mnafanya kazi ya watu watatu. Ninachoomba ni kitu kisichoongeza hata dakika kumi: anayesema "nimemeza P2" asikike kama mtu aliyekuja kwa wakati.

Nawe dada, ukinunua P2 Jumapili hii, imeze palepale na uhifadhi pakiti. Jumatatu asubuhi nenda kliniki, mwambie sista saa uliyoimeza, mwambie unataka kijiti au koili leo. Beba kondomu za siku saba, na uandike tarehe ya wiki ya tatu kwenye simu yako. Ukiambiwa urudi ukianza siku zako, usiinuke kwenye kiti. Mwombe kwa heshima afungue mwongozo wake, muusome pamoja.